Mashine ya Kiunoni

Kwa miaka tisa Nathanaeli hakutoka nyumbani Makole kwenda Kizota kuchomelea mageti ya watu kabla hajamchoma binti yake sindano. Mkewe hakuiweza kazi hiyo. Akiona sindano tu, yeye ndiye wa kushikwa asianguke. Basi baba na Penina walikaa wawili, mtoto akaeleza sukari yake imesoma ngapi na amekula nini, mpaka na yale ya kujificha: nusu andazi la rafiki, soda ya kipaimara. Nathanaeli hakuwahi kumgombeza kwa hayo. Alijua mtoto akiogopa kusema, dawa itapimwa kwa kubahatisha.

Penina alipofika miaka kumi na sita, kliniki ikampa mashine. Kitu kidogo cheusi, kinaenea kiganjani, chenye mrija mwembamba unaoingia chini ya ngozi ya tumbo na kupeleka insulini kidogo kidogo, mchana na usiku. Sindano nne kwa siku zikaisha. Penina alifurahi mpaka akalia. Nathanaeli naye alisema amefurahi, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Ila asubuhi alinawa mikono kwa mazoea, kisha akabaki hana la kuifanyia. Binti alikuwa ameshabonyeza vitufe vyake, anakunywa chai. Mtu mzima anaionea wivu mashine! Aibu hiyo hakumwambia mtu.

Mwezi wa sita wakaenda Bahi kumsaidia bibi yake Penina kuvuna mpunga. Penina alikuwa ameificha mashine ndani ya gauni, kwenye kimfuko alichokishona mwenyewe. Nathanaeli hakupenda. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na yeye alitaka ndugu zake wakione.

"Itoe nje, mama," alimwambia. "Ivae kwenye mkanda. Kwani umeiba?"

Penina akaitoa. Siku mbili alivuna mashine ikiwa kiunoni, jua likiipiga tangu asubuhi, na kila aliyekuja kuishangaa alielezwa na Nathanaeli, kwa kirefu, utadhani ameiunda yeye.

Na huyo huyo, jamani, ndiye aliyekuwa hodari wa kutunza dawa. Chupa ya akiba aliiweka ndani ya chungu, chungu akakizungushia gunia bichi kivulini, kama alivyofanya miaka yote umeme ulipokatika. Gunia alilimwagia maji mara tatu kwa siku. Kichwani mwake dawa ilikuwa chunguni. Kilichokuwa kiunoni kwa mtoto kilikuwa mashine tu.

Siku ya pili, mchana, Penina akaanza kunywa maji bila kukoma. Akapima sukari: ishirini na nne, na kawaida yake haikuzidi kumi.

"Umekula nini?" Nathanaeli akamuuliza.

"Ugali na mlenda, baba. Mlichokula wote."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine."

Kando ya jaruba palikuwa na maganda ya miwa, watoto wa shangazi yake Penina walikuwa wakitafuna tangu asubuhi. Nathanaeli akayaona, na ule wivu aliokuwa ameumeza miezi yote ukapata pa kutokea.

"Kipimo hakisemi uongo, wewe ndiye unayesema!" alifoka, mbele ya bibi, mbele ya shangazi, mbele ya wavunaji wote. "Nilipokuwa nakuchoma mwenyewe hukuwa mwongo. Umepewa uhuru, umejiongezea ulafi!"

"Nathanaeli, taratibu na mtoto," bibi alisema. Hakumsikia.

"Umekula miwa, hukula?"

Penina alitazama chini. "Nimekula, baba."

Basi, roho ya baba ikatulia. Akamwamuru abonyeze dozi ya kufidia, akalale kivulini. Saa mbili baadaye ilikuwa ishirini na nane. Akabonyezeshwa tena. Jua linashuka akaanza kutapika na kuhema kwa nguvu, wakampakia kwenye bodaboda, katikati ya dereva na baba yake, mpaka kituo cha afya.

Muuguzi, dada mmoja aitwaye Sabrina, aliisikiliza habari ya miwa akaitilia shaka. Miwa gani isiyoshuka kwa dozi mbili? Akafungua mashine, akatoa kichupa cha dawa kilichokuwa ndani.

"Hii ilikuwa wapi siku mbili hizi?"

"Kwenye mkanda," Nathanaeli alisema.

"Juani?"

Nathanaeli aliutazama mkanda wa mtoto.

"Baba, mmeipika dawa. Mmekuwa mkimpa maji tu."

Akamchoma insulini ya kituo, akamtundikia dripu. Kufika asubuhi sukari ilikuwa kumi na moja, na Penina alikuwa ameketi, anakunywa uji.

Nathanaeli alikuwa amepanga maneno usiku kucha, yote yakampotea. Alimwomba mtoto msamaha akilia, bila kujificha. Penina akamwambia yameisha. Lakini kulikuwa na jambo moja lililokuwa likimla baba.

"Muwa hukula?"

"Hata kipande."

"Sasa kwa nini ulikubali, mama? Ungekataa, tungetafuta sababu mapema. Ungekufa, Penina."

Penina alikoroga uji wake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Nathanaeli kuliko yote.

"Nilikwambia mara mbili, baba," alisema. "Nikaona hutaki ukweli, unataka miwa."