Barafu ya Tanurini

Asubuhi ile Okbun alibomoa mlango wa tanuri kama kawaida yake, tofali moja moja, akiyapanga pembeni ili yatumike tena. Joto lilimpiga usoni. Alijizungushia matambara mikononi, akatoa bakuli la kwanza. Lilikuwa la kauri nyeupe, lenye nyufa nyembamba chini ya mng'ao wake, zilezile zinazotokea kwenye Ziwa Hwaram baridi inapokaza. Ndani ya bakuli kulikuwa na barafu.

Alilitikisa kidogo. Barafu ilikuwa imeshika. La pili lilikuwa vivyo hivyo, na yote yaliyofuata. Aliyapangusa majivu, akayapanga kwenye ubao.

Malsun, jirani yake muuza tofu, jibini la soya, aliingia na sahani iliyokuwa ikitoa mvuke. Kila tanuri lilipofunguliwa alileta tofu ya moto, kwa sababu alijua siku hizo Okbun husahau kula.

"Barafu tena?" aliuliza.

"Tena."

"Mwanamke wewe! Wenzio wanachoma kuni wapate joto, wewe unachoma kuni upate barafu." Aliinamia bakuli kubwa kuliko yote, lililokuwa limetoka mwisho. "Na huyu ni nani?"

Chini ya barafu alikuwa ameketi mwanamke mdogo wa umbo, amekumbatia magoti, amevaa sanda ya katani.

"Mama yangu."

"Amekonda."

"Amekaa majini miaka mingi."

"Na hiyo sanda, katika baridi hii! Aliyemvika alikuwa na akili kweli?"

"Alikufa mwezi wa jua kali."

Malsun aliguna kwa huruma. Alivua skafu yake ya sufu, akalifunga bakuli vizuri kama anayemfunga mtoto mgongoni, akaenda zake kuuza tofu shingo wazi.

Habari ya mama huyo ilijulikana na kila mtu pale. Bwawa lilipojengwa na bonde kuzamishwa, ofisi ya bwawa ilihamisha makaburi ya bondeni kuyapeleka mlimani. Ilihamisha yale yenye wana wa kiume. Mama yake Okbun alikuwa mke wa pili, aliyeolewa baada ya mke mkubwa kufa, na alizaa binti mmoja tu. Kaburi lake lilihesabiwa kuwa halina mwenyewe. Siku hiyo Okbun alikuwa amesimama palepale, kando ya kaburi, na bakuli la wali wa tambiko mkononi. Baba yake na mke mkubwa walipelekwa mlimani. Maji yakapanda.

Tangu hapo Okbun hakutengeneza chombo cha rangi. Alifinyanga theluji iliyoelemea tawi la msonobari, alifinyanga sakitu kwenye matete, na zaidi ya vyote alifinyanga barafu ya ziwa. Wanunuzi kutoka mji mkuu walisema mikono yake inaijua baridi. Mumewe alifariki, mtoto hawakujaliwa, na majira yote ya baridi alikaa dirishani akitazama maji.

Mwaka huu ofisi iliyapunguza maji ili kuziba nyufa za ukuta wa bwawa. Barafu, ilipokosa maji ya kuibeba, ilishuka polepole ikalala juu ya mashamba ya zamani. Wachimbaji walikuja kuhamisha makaburi yaliyobaki, kabla maji hayajarudishwa.

Msimamizi wao, Bwana Pyo, alivua kofia alipomwona Okbun.

"Mama, ningekuwa peke yangu ningechimba leo hii. Lakini vijana wangu hawagusi kaburi mpaka mwanamume wa ukoo amwage pombe ya mchele na kumwambia marehemu kwamba tunakuja. Wanaogopa, na siwalaumu."

"Nitamwaga mimi."

"Wewe uliolewa, mama. Pombe yako itawaendea wafu wa ukoo wa mumeo." Alisema hivyo kwa uchungu. "Mlete mwanamume mmoja tu. Hata awe na homa. Nitambeba mwenyewe mpaka kaburini."

Wa karibu aliyeweza kuja alikuwa mmoja: Giyeong, mwalimu mjini, mtoto wa kaka yake Okbun aliyezaliwa na mke mkubwa. Okbun alimwita. Alikuja kwa basi, na matunda ya pea mkononi, na kabla hajaketi alishika shoka akapasua kuni zote zilizokuwa uani. Alikuwa hivyo tangu utotoni.

Okbun alimletea bakuli. Giyeong alifungua skafu, akatazama, kisha akasimama, akaweka koti sawa, akasujudu mara mbili mpaka paji la uso likagusa sakafu, kama inavyostahili mbele ya wafu. Bibi kizee aliyekuwa ndani ya barafu alinyoosha sanda yake magotini. Midomo ilimchezacheza.

"Anasema nini, shangazi?"

"Anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula."

"Mwambie mwenyewe, masikio anayo."

"Nimekula, bibi," Giyeong alisema.

Walikunywa chai ya shayiri. Okbun alimenya pea, akampa kipande kikubwa.

"Kesho umwage pombe, mwanangu. Tone tu."

Giyeong alikiweka kipande chini. "Wazee wa ukoo wamekataa. Wanasema hakuzaa mwana, mlimani hana nafasi. Nikimwaga, nimetangaza kwamba ni bibi yangu."

"Kwani si bibi yako? Ulipougua surua nani alikubeba mgongoni?"

"Alinibeba yeye. Nakumbuka mpaka harufu ya mgongo wake." Alijifuta macho kwa kiganja. "Lakini baba hawezi tena kuinuka kitandani, shangazi. Nikiwavunjia amri, naye watamnyima kaburi mlimani. Nimpeleke wapi?"

Okbun alikiokota kipande, akamrudishia mkononi. Giyeong alikuwa kijana mwema, na mvi zilikuwa zimeanza kumwota juu ya masikio.

"Kula pea lako," akasema.

Kabla ya kuondoka Giyeong alisujudu tena, akaomba radhi. Bibi kizee akampungia mkono, kama mtu anayemwambia mtoto aharakishe asije akakosa basi.

Wachimbaji walimaliza makaburi mengine, wakakusanya majembe yao. Bwana Pyo alipita kumwambia Okbun kwamba yeye peke yake alisimama pale kwenye kaburi la mama yake, akavua kofia na kuinamisha kichwa, ingawa hakuwa na haki ya kufanya hivyo. Okbun alimshukuru, akampa bakuli moja dogo kati ya yale mengine. Alilibeba kwa mikono miwili, barafu na vyote.

Maji yalirudishwa. Barafu iliinuka kutoka mashambani, ikakaa tena mahali pake, na kaburi likabaki chini.

Jioni hiyo Okbun alisukuma kuni kwenye jiko la chini ya sakafu, linalopasha nyumba joto, akalihamishia bakuli kubwa kwenye pembe iliyo juu kabisa ya moto, pale anapolala mkubwa wa nyumba. Akatandika godoro lake kando. Barafu haikuyeyuka. Mama yake aligeuka, akatafuta upande wenye joto, akajinyoosha, kisha akasogea ukingoni mwa bakuli na kuacha nafasi ya mtu mmoja.

Okbun aliipima nafasi hiyo kwa macho. Ilimtosha.