Kinyongo cha Mnyanya

Mtaani walimwita Daktari wa Nyanya, na jina hilo lilimponza. Jirani mmoja aliwahi kumkokota bibi yake mpaka mlangoni, magoti yamevimba, akiomba atazamwe haraka. Ilibidi Daktari ajieleze pale pale kizingitini kwamba nyanya anazozitibu yeye ni zile za kwenye mchuzi. Wifi yake, dada wa mumewe, alicheka mpaka akakaa chini. Yule bibi naye hakukubali kuondoka bila kikombe cha chai.

Wifi alikuwa fundi cherehani, anakaa nao chumba cha mbele, na mdomo wake haukuwa na breki. Lakini ndiye mtu pekee ukweni aliyemtetea Daktari wakati wengine wanauliza ni kazi gani hiyo, mtu mzima kushinda na majani. Kila mchana alimpelekea chakula kwenye banda la vioo nyuma ya chuo, na akifika anagusa kila kitu: bomba, ndoo, glavu, hata hadubini. Mikono yake haikujua kutulia.

Sasa banda lenyewe lilikuwa mashakani. Profesa, mkuu wa idara, alikuwa amesema waziwazi, "Ijumaa nataka kuona tofauti. Nisipoiona, banda nampa mwenzako wa maua." Yule wa maua alikuwa ameshaanza kuja kupima madirisha kwa macho, na salamu zake zilikuwa tamu kupita kiasi.

Tofauti iliyotakiwa ilikuwa hii. Nusu ya minyanya ilionjeshwa ugonjwa wa ukungu kidogo tu, ikiwa michanga. Nusu nyingine ililelewa bila kuguswa na kitu. Kisha yote ikapuliziwa ukungu wa kweli. Ile iliyoonjeshwa ilipaswa kusalimika, ile nyingine iugue. Lakini hakuna uliougua. Minyanya yote ilisimama kijani, imenenepa, inang'aa, na Daktari akaitazama kwa chuki ambayo hakuwahi kumwonyesha binadamu.

Alipoinama karibu ndipo akaona. Kwenye ile ambayo haikutakiwa kuguswa, iliyopangwa karibu na mlango, kila mmea ulikuwa na majani kadhaa yaliyonyofolewa ncha. Kuna mtu alikuwa anaifinya. Hasira zikampanda, akamkumbuka mwenye mikono isiyotulia.

"Wifi, ni wewe unayenifinyia miche yangu!" alifoka jioni hiyo, hata viatu hajavua.

Cherehani ikanyamaza. "Mimi?"

"Nani mwingine anaingia mle na kushikashika vitu?"

"Mimi, wifi?" Safari hii sauti ilikuwa ndogo. Wifi alikata uzi kwa meno, akamsogezea kigoda. "Haya, kaa. Nieleze, mnyanya kufinywa kuna ubaya gani? Angalau nijue nimeshtakiwa kwa kosa gani."

Daktari akachukua kigurudumu cha uzi mezani. Akaeleza kwamba ndani ya kila seli ya mmea kuna uzi mrefu ajabu wenye maagizo yote ya maisha yake, nao umezungushwa kwenye vigurudumu vidogo vidogo vya protini. Uzi na vigurudumu vyake, vyote pamoja, ndiyo kromatini. Wakati wa amani, sehemu yenye maagizo ya kupigana na ugonjwa imekazwa, haisomeki. Mmea ukishtuliwa, mahali hapo panalegezwa, maagizo yanasomwa, kinga inaamka. Hatari ikipita uzi unarudi, ila haukazwi tena kama mwanzo. Siku adui akitokea tena, mmea hauhangaiki kufungua chochote, unajibu papo hapo.

"Na kufinya ni kuushtua," alimalizia. "Mtu amenichanjia miche ambayo haikutakiwa kuchanjwa."

"Kumbe mnyanya una kinyongo," wifi alisema. Akafikiri kidogo, halafu macho yakaanza kucheka, jambo ambalo halikuwa dalili njema kwa mtu yeyote. "Ile dawa ya zambarau ya vidonda bado ipo? Ile isiyotoka hata ujisugue kwa jiwe? Kaipake chini ya majani. Jina langu halitachafuka bure."

Daktari akaenda akaipaka, pale hasa vidole vinapokutana jani likifinywa.

Ijumaa Profesa alifika mikono mfukoni. Alikagua banda mikono mfukoni, akauliza maswali mikono mfukoni, hata miwani ilipomteleza puani aliirudisha kwa bega. Yule wa maua alimfuata nyuma, viganja vyake safi, anatabasamu. Daktari alikuwa ameshaelewa. Utamwambiaje mkuu wako kwamba mhalifu ni yeye? Ndipo mlango ukafunguliwa, wifi akaingia na bakuli la chakula.

"Shikamoo Profesa!" akasema, akanyoosha mkono na kuuacha hewani.

"Marahaba, marahaba," Profesa alijibu, akiinamisha kichwa tu.

Mkono wa wifi haukurudi. Profesa akautazama, akaona haya, akatoa wake. Kidole gumba na kile cha shahada vilikuwa zambarau mpaka kwenye kucha.

"Huwa napita jioni," alisema hatimaye, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Nafinya kidogo, nanusa. Harufu yake ni ya bustani ya marehemu mama. Nafinya hii ya karibu na mlango tu, jamani."

"Basi Profesa, tofauti unayo mkononi," Daktari alisema, na mwenyewe akashangaa alivyothubutu. "Hukunusa tu. Uliichanja."

Profesa akatazama kidole, akatazama minyanya, halafu akaangua kicheko kilichotikisa vioo. Banda likabaki kwa Daktari. Jaribio lirudiwe, safari hii na kundi la tatu, la kufinywa kwa makusudi, na mlango utiwe kufuli ambalo Profesa hatapewa ufunguo wake. Yule wa maua alikumbuka ghafla kwamba ana kikao mahali.

Jioni Daktari aliomba radhi, tena kwa kupiga magoti.

"Inuka bwana, yamekwisha," wifi alisema. "Kwani mimi mnyanya?" Wakacheka, wakala sahani moja, na Daktari akaamini kwamba yamekwisha kweli.

Wiki iliyofuata alikuwa anatafuta mkasi wa kucha. Alipekua droo, akachungulia chini ya kitanda, kisha akaenda chumba cha mbele ambako cherehani ilikuwa inanguruma.

"Wifi," alianza, "hivi umeona..."

Cherehani ilinyamaza kabla hajamaliza. Wifi alikuwa ameshanyanyua mikono yote miwili, viganja wazi, vidole vimetanuliwa, na safari hii hakuwa anacheka.