Mate ya Watoto wa Kinyinya

Mwaka 1992, wakati vilima vya Kinyinya vilikuwa bado mashamba ya maharage, kila mama wa huko alimjua nesi Liliane. Alilelewa Bujumbura, akaja na Kiswahili chake na mdomo usiolala, na ndiye aliyewachanja watoto wao dhidi ya surua. Kisha siku moja Dogiteri Léonce, mkuu wa mradi wa chanjo, akasimama mbele ya akina mama akatangaza kwamba chanjo haikushika. Mate ya watoto wao yalikutwa na kinga ya surua robo tu ya ile ya watoto wa Kimironko, kilima jirani, waliochanjwa pia. Bila shaka, alisema, nesi aliiacha dawa ikapata joto njiani.

Lisemwalo lipo, watu wakaanza kunong'ona. Mama mmoja akamvuta mwanawe kutoka mkononi mwa Liliane, tena bila salamu. Liliane angeweza kustahimili kufukuzwa kazi, lakini si hilo. Alishuka mjini siku hiyohiyo, hadi maabara, kwa Mama Mukeshimana aliyeyapima mate yale.

“Mama, dawa ilikuwa kwa barafu mpaka mwisho. Naapa.”

“Kuapa ni kwa kanisa. Mate uliyachukua namna gani?”

Liliane akaeleza. Watoto walimwogopa, midomo ikawakauka, hakuna aliyetema kitu. Basi akampa kila mmoja kipande cha marakuja, tunda chachu, alambe, na mate yakatiririka mpaka vichupa vikajaa.

“Na wale ba Kimironko?”

“Nesi mwingine alibachukua mate. Hakubapa kitu.”

Mukeshimana akaweka kalamu chini. “Basi, uchachu unaleta maji mengi kwa mate, na ukiongeza maji kwa chai, sukari inapungua, na rangi inapungua pamoja. Mimi nilionja sukari, rangi sikuangalia. Tupime kinga yote iko kwa mate, ya kila ugonjwa, tuone ya surua ni sehemu gani.”

Wakapima. Kinga yote ya watoto wa Kinyinya nayo ilikuwa robo. Walipogawanya ya surua kwa ile yote, Kinyinya na Kimironko wakatoka sare. Liliane akamkumbatia Mama Mukeshimana mpaka koti jeupe likakunjamana.

Dogiteri hakukubali. Hesabu, alisema, hupikwa kama ugali. Liliane akamwekea mezani vichupa viwili na marakuja lililopasuliwa.

“Dogiteri, wewe uliugua surua?”

“Nikiwa mtoto. Kidogo nife.”

“Basi tema huku. Sasa lamba hii, tema huku.”

Majibu yalipotoka, kichupa cha kwanza kilikuwa na kinga tele. Cha pili kilikuwa hoi kuliko cha mtoto yeyote wa Kinyinya.

“Kinga yako ilikimbilia wapi, Dogiteri, kati ya kichupa na kichupa?” akauliza Liliane kwa upole wa kuudhi.

Mukeshimana akagawanya tena, ya surua kwa ile yote. Vichupa vikalingana. Kumkana nesi ni rahisi, lakini kuyakana mate yako mwenyewe ni kazi.

“Nitaandika ripoti upya,” akasema Léonce hatimaye.

“Ripoti iko inasomwa na nani kule Kinyinya? Uliniangusha na mdomo, niinue na mdomo.”

Léonce akaenda, na ni sifa kwake kwamba alienda. Siku ya chanjo iliyofuata alisimama palepale aliposimama mwanzo. “Watoto wenu bako na kinga,” akasema. “Liliane hakuharibu kitu. Ni mimi nilisoma mate yenye maji mengi, nikafikiri chanjo imeharibika.”

Vigelegele vikapanda kilima kizima. Liliane alikuwa ameapa kutolia, na akalia, kwa furaha isiyokuwa na haya hata chembe. Wanawake wakaanza kufungua mbeleko na kumnyooshea vichanga.

“Huyu amefikisha miezi tisa. Mchanje wewe.”

“Na huyu. Wewe, si mwingine.”

Liliane akafuta macho kwa kiganja, akawaambia wapange mstari.