Siku Niliyomwinamia Mgeni

Ijumaa, tarehe 12 Oktoba 1979. Asubuhi ukungu uliteremka kutoka mlimani ukafunika migomba, na manyunyu hayakukoma hadi saa nne. Nilimwomba Mungu jua litoke, kwa sababu jioni hiyo afisa wa elimu ya watu wazima, Bwana Mbaka, alikuwa anakuja kulikagua darasa letu la ngumbaru.

Tulisomea katika ukumbi wa kanisa, juu kidogo ya soko la Nkubu. Tulikuwa tumesikia kwamba afisa akituona hatujui kitu, darasa litafungwa na tutaambiwa twende kusoma ng'ambo ya mto. Mimi Karwirwa, na magoti yangu haya, nisingeweza kuteremka bonde lile na kulipanda tena kila jioni. Nami nilikuwa nimeanza kujisomea mwenyewe Neno la Mungu, mistari ile mifupi. Mirefu ilikuwa bado inanishinda. Kwa hiyo nilifunga tangu jana yake, nikala maombi tu.

Mwalimu wetu, Mbogo, kijana wa Siakago aliyevaa sweta mbili kwa sababu ya baridi yetu, alimpa kila mmoja neno la Kiingereza aonyeshe maana yake kwa kitendo. Mzee Mithika alipewa neno la kula, akashukuru sana. Mimi nilipewa "bow".

"Ni kuinama kwa heshima," mwalimu alikuwa ametueleza.

"Mimi nikipalilia maharagwe nainama kutwa," akasema jirani yangu Kathambi, ambaye mdomo wake haujui likizo. "Kwa hiyo nayaheshimu maharagwe?"

"Hapana, mama. Hapo umeinamisha mgongo tu. Hii ni ya mgongo na moyo. Mbele ya hakimu, watu huinama. Waimbaji wakipigiwa makofi, huinama. Tukimwomba Mungu, tunainamisha vichwa. Na mtu mkaidi akikubali kushindwa, Waingereza husema ameinama, hata kama amesimama wima."

"Basi mke wangu hajawahi," akasema Mzee Mithika.

Mimi nilitaka kujua kama si dhambi kumwinamia binadamu. Mwalimu akasema kumheshimu mgeni si kumwabudu. Nilisali juu ya jambo hilo, nikapata amani.

"Sasa sikiliza, mama," mwalimu akaniambia. "Ukishainama, usiinuke haraka kama kuku anayekunywa maji. Ngoja mgeni akuitikie, ndipo uinuke."

Jioni ilipofika, jua lilitoka. Ukumbi ulijaa, maana waumini wengi walikuja kutuona. Bwana Mbaka alikuwa mtu mnene, mpole, mzee wa kanisa huko kwao Embu. Aliketi mbele, na kwenye meza yake tulimwekea chai na mkate uliokatwa vipande.

Nikaitwa. Nikasimama mbele yake, nikasoma ubaoni kwa Kiingereza kwamba ninamwinamia mgeni. Kisha nikainama polepole, mgongo na moyo, macho nikiyafumba kwa heshima.

Sasa, huku kwetu mtu akisimama mbele ya watu akainamisha kichwa, hakuna anayeuliza. Mzee Mithika alivua kofia. Kathambi akafumba macho. Benchi zote zikanyamaza. Bwana Mbaka naye akaweka kikombe chini, akainamisha kichwa, akasubiri nianze.

Nami nilikuwa namsubiri aniitikie.

Tulisubiriana. Njaa ya kufunga ikaanza kunizungusha kichwa. Nikasema moyoni, Bwana, mgeni huyu ni mgumu. Nikasikia kitu kikigonga meza, ko, ko, ko. Nikafungua jicho moja. Kuku wa kanisa alikuwa amepanda juu ya meza anakula mkate wa afisa, na afisa amefumba macho kabisa. Nikageuza shingo kidogo. Ukumbi mzima ulikuwa umeniinamia!

Mimi ni nani niinamiwe na kanisa? Mgongo nao ulikuwa umekataa kunyooka. Kimbilio langu ni moja tu, nikaomba kwa sauti:

"Ee Mungu wetu, usiniache hapa. Uubariki mkate huu, ule uliobaki. Na huyu mtumishi wako Mbaka umpe moyo wa kuliacha darasa letu hapa hapa, asitupeleke ng'ambo ya mto, mpaka sisi sote tusome wenyewe. Amina."

"Amina!" ukumbi ukaitikia, na sauti nzito kuliko zote ilikuwa ya Bwana Mbaka.

Akafungua macho, akamwona kuku. Kuku naye akamwona. Kathambi ndiye aliyeanza kucheka, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia, hata mwalimu ndani ya sweta zake.

"Mama," afisa akasema akijifuta machozi, "ile ilikuwa heshima au ilikuwa sala?"

"Bwana, niliinama kwa ajili yako. Kuinuka ndiko kulikohitaji Mungu."

"Basi nitaandika ripoti yangu, halafu ofisi itaamua..."

"Ofisi gani tena?" Mzee Mithika akasimama, kofia mkononi. "Mama ameomba darasa libaki hapa. Wewe umesema amina, tena umetushinda sisi wenyeji. Kwenu Embu amina ni ya kusafisha koo?"

"Mzee, nilikuwa nimefumba macho."

"Masikio nayo ulikuwa umeyafumba?"

"Tumesikia sote!" wakasema kutoka nyuma.

Bwana Mbaka akautazama ukumbi, akanitazama mimi niliyekuwa nimemshika Kathambi bega ili ninyooke. Akasimama. Akainua mkono wa kulia, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Mbele za Mungu, na mbele yenu nyote mnaonisikia, naahidi kwamba darasa hili halitahamishwa maadamu mimi ndiye afisa. Na kama nikiwadanganya, mama huyu aniombee tena, na safari hiyo asifike kwenye amina, nami nibaki nimeinama."