Matundu Kumi na Moja

Filister hakuwa na macho, lakini ungempa noti ya mia ukamwambia ni mia mbili, angekucheka mpaka ujione wewe ndiwe kipofu. Shida yake ilikuwa simu. Miaka sita pesa zake zilikaa mle, na namba ya siri ikakaa kwa kaka yake, ambaye alimsomea salio kwa sauti tamu, na kila mwezi salio likawa dogo kuliko jasho. Ndiyo maana akajiunga na Tujipange, chama cha watu wenye ulemavu kinachokutana Kabiro kila Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa.

"Mnapiga muhuri kitabuni, na mimi muhuri siuoni," aliwaambia siku ya kwanza. "Itabidi mnisomee. Na nimechoka kusomewa."

Aliyepata dawa ni Wesonga, fundi viatu, mguu mmoja umekaushwa na polio, mdomo mzima kabisa. Alitoa msharasi wake, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, akatoboa tundu kwenye kitabu cha Filister.

"Hisa moja, tundu moja, Madam Bosi. Hesabu na kidole. Hicho ni chako, hakiwezi kukuibia."

Tangu hapo Bridgit, katibu, akipokea mia mbili, bei ya hisa moja, hupiga muhuri, na Wesonga hutoboa. Filister alifuma sweta za shule kwa mkono kwenye kibanda cha Mama Lavender, Soko la Toi, analipwa kwa kila sweta, vijisenti. Mama Lavender alikuwa na mashine kuukuu ya kufumia, akakubali kumuuzia kwa elfu kumi na sita. Matundu themanini, na Filister atafuma zake, auze zake.

Mwezi wa tano mvua ikaingia kibandani, nyuzi zikaoza, kazi ikakatika. Filister akaja chamani mikono mitupu. Bridgit alipomruka na kuita anayefuata, Wesonga akachukua kitabu, na Filister akasikia karatasi ikitobolewa.

"Nimekuwekea," Wesonga akamnong'oneza. "Utanilipa sweta. Maruni, shingo ya V, nionekane kama mwalimu mkuu."

"Pesa umetoa wapi, wewe?"

"Wateja wangu wana miguu miwili miwili, mama. Mimi ndiye wa mmoja."

Ikawa hivyo Jumamosi kumi na moja. Kazi iliporudi, Filister akafuma ile sweta, akamkabidhi, akahesabu deni limekwisha.

Novemba kifua kikambana Wesonga, na siku ya nne akafa. Mfuko wa misiba wa chama ukaisha wote kwa jeneza na gari la kwenda Busia. Filister aliingiza mkono ndani ya jeneza kumuaga, akakuta mkono wa sweta. Aliujua kwa mshono.

Siku ya kugawana akiba ya mwaka, Bridgit akasoma: "Filister, hisa sitini na tisa."

"Themanini."

"Sitini na tisa, dadangu. Mihuri nimeihesabu mara tatu."

Filister alipitisha kidole kitabuni, polepole, mpaka mwisho.

"Zile za mvua," akasema.

Jentrix, mjane wa Wesonga, alikuwa amekuja kuchukua hisa za mumewe. Zilikuwa kumi na nne.

"Alisema atakulipia Disemba," Jentrix akasema. "Watu wakitengeneza viatu vya kwenda ocha, kijijini kwao. Ndivyo alivyokuwa. Hata mimi alinioa kwa ahadi. Bridgit, toa kwa zake."

"Una watoto watatu," Filister akasema.

"Toa tu."

"Sitaki, Jentrix."

Hasira ilimpanda, haikupata pa kushukia. Kumgombeza kaka yake aliweza. Huyu je? Amelala Busia na sweta yake, mtu pekee aliyempa hesabu isiyohitaji macho ya mwingine, naye ndiye aliyeijaza uongo.

Alimpigia Mama Lavender simu, akaomba amalizie kulipa Januari. "Filister, mtu yuko hapa na pesa yote mkononi," Mama Lavender akasema, na kwa nyuma ikasikika mashine ikiburutwa sakafuni.

Akaweka simu. "Jentrix, vifaa vyake umeuza?"

"Bado, ninavyo hapa. Ndiyo napeleka Toi sasa hivi."

"Niuzie msharasi."

Jentrix alimtia msharasi kiganjani na hakutaja bei. Filister akamwomba Bridgit amwekee kidole kwenye tundu la kwanza lisilo na muhuri. Akatoa mkobani donge dogo la uzi wa maruni uliobaki kwenye ile shingo ya V, akausukuma kwa ncha ya msharasi kutoka tundu hadi tundu, yote kumi na moja, akafunga fundo, kidole kiyajue.

Kisha akahesabu upya kuanzia mwanzo, kwa sauti. Kidole kilipofika penye uzi kilisimama pale muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.