Unyoya wa Kushoto

Esther Sumari wa Kikwe alikuwa na kazi ambayo hata mchungaji wake hakuielewa. Alichagua manyoya ya bata. Usa River kulikuwa na karakana ndogo iliyotengeneza chambo cha manyoya: ndoano ndogo sana yenye mabawa mawili membamba, ili samaki wa mito ya baridi huko Ulaya wadhani ni mdudu aliyeanguka majini. Watu wakicheka, Esther aliwaacha wacheke. Yeye alijua kwamba bawa moja la chambo hukatwa kwenye unyoya wa kushoto wa bata na la pili kwenye unyoya wa kulia. Ukikata yote mawili upande mmoja, chambo kinapinda, na kikirushwa kinazunguka hewani mpaka uzi wote wa mvuvi unasokotana. Kwa hiyo kutwa nzima alipanga manyoya jozi kwa jozi, kushoto na kulia.

Kwa miaka kumi na mitano alikaa meza moja na Nalepo, mwanamke wa Kisongo ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Esther alichagua, Nalepo alikata mabawa na kuyafunga kwenye ndoano. Kisha karakana ikapunguza meza, kila mtu akawa anafanyia kazi kwake, na mifuko ya manyoya ikawa inasafiri kwa bodaboda. Hapo ndipo walipoanzisha mchezo wao. Ndani ya kila mfuko Esther alitia unyoya mmoja wa kushoto peke yake. Mwenzake wa kulia alimbakiza kwenye kopo la majani ya chai. Huyo wa kushoto walimwita bachela. Jumamosi Nalepo alimrudisha ndani ya mfuko mtupu, kisha akapiga simu.

"Mama Joel, bachela wako nimemtafutia mke Kisongo nzima. Wamemkataa."

Esther alicheka mpaka kuku wakatawanyika uani. Baada ya hapo waliongea hadi salio la mmoja wao liishe.

Nalepo alifariki katikati ya mwezi wa nne, mvua zikinyesha. Esther alikwenda kumzika, akalia, akarudi nyumbani. Katika mfuko wa kwanza baada ya msiba alimtia bachela kwa mazoea tu ya mkono. Mfungaji mpya alikuwa msichana wa Usa River aitwaye Princess, na walikuwa hawajawahi kuonana. Jumamosi mfuko ulirudi mtupu. Esther aliukung'uta, akaugeuza ndani nje.

Wiki iliyofuata akatia tena, na safari hii alijua anachofanya. Alitaka mtu amjibu, basi. Mumewe alitangulia zamani. Mwanawe Joel alikuwa Mwanza na simu zake hazikuzidi dakika mbili. Majirani walimsalimia ng'ambo ya ua wakapita na majembe yao. Kufikia mwezi wa saba kopo lilikuwa na manyoya kumi na moja ya kulia, na hakuna wa kushoto hata mmoja aliyerudi.

Jumanne moja alikuja Stanley, msimamizi wa karakana. Alikaa baada ya kukaribishwa mara mbili, akatoa kiboksi cha vyambo.

"Mama, hivi vimerudishwa na wateja. Vinazunguka. Mabawa yote ni ya kushoto." Akashusha sauti. "Umri nao ni umri, mama yangu. Nimeambiwa nitafute mtu mwenye macho mazuri."

"Una manyoya hapo?"

"Ninayo."

"Mwaga mezani."

Stanley akamwaga. Esther akafumba macho, akaokota mmoja mmoja, akaupitisha juu ya mdomo wa chini kusikia unapindia wapi, akauweka upande wake. Alipomaliza yote ishirini, Stanley aliyakagua mara mbili bila kupata kosa.

"Sasa makosa haya yametoka wapi?"

Hapo maji yakamfika Esther shingoni. Afadhali angekubali kwamba haoni. Macho mabovu ni ugonjwa wa heshima, watu wanakupa pole. Lakini kazi ingekwenda, na nyumba ile bila manyoya ingebaki na nini?

"Nilitia makusudi," alisema. "Unyoya mmoja wa kushoto kila mfuko. Marehemu Nalepo alikuwa ananirudishia. Nilitaka na huyu anirudishie."

"Akurudishie wa nini, mama?"

"Tupate kuongea, Stanley. Nakaa hapa wiki nzima sina wa kuongea naye."

Stanley alirudisha vyambo kiboksini. Akaeleza kwamba Princess bado ni mgeni wa kazi. Bila shaka alikuta unyoya wa ziada, akaona ni hasara kuutupa, akakata mabawa yote mawili humo humo.

"Nitamwelewesha. Ila usitie tena, mama."

"Sitatia."

Alibaki na kazi yake. Mfuko uliofuata aliufunga ukiwa na jozi tupu, sahihi kabisa, na moyo ulimuuma kuliko siku ile ya maziko.

Uliporudi Jumamosi aliutundika kwenye msumari bila kuukung'uta. Jumatatu, alipoingiza mkono ili aujaze, vidole vyake vikagusa unyoya. Mmoja. Akaupeleka mdomoni haraka, akaupitisha, akasimama. Akaupitisha tena.

Ulikuwa wa kulia. Tena haukuwa wa bata. Ulikuwa wa kuku, mwekundu, na shinani bado ulikuwa na vumbi la uani kwa watu.

Kwenye karatasi ya mfuko paliandikwa jina la mfungaji na namba yake ya simu. Namba hiyo ilikuwepo wiki zote hizo, na Esther hakuwahi kuipiga, kwa sababu humpigii mtu usiyemjua ukakosa la kumwambia. Sasa alikuwa nalo.

"Princess? Ni mama Joel, wa Kikwe. Huyu bachela wako ni wa kulia, na ni kuku."

Kikasikika kicheko cha aibu.

"Shikamoo mama. Kwani kushoto na kulia unajuaje?"

Esther alivuta kigoda akakaa, maana maelezo yake yalikuwa marefu.