Kichwa cha Mwalimu Magotini pa Msusi

...na msusi amekosea tena, kwa Kiingereza chake bi harusi amemgeuza mwanamume, na wa kulaumiwa ni nani kama si huyu “yeye” wetu anayebeba baba, shangazi na mkwe bila kuuliza aliyemo ndani ya nguo, ilhali Kiingereza kinataka kujua kwanza, mwanamume au mwanamke, kama mlinzi wa getini... mwalimu aliyajua hayo, ndiyo anayofundisha chuoni kila muhula, lakini kichwa chake, kilichobanwa kati ya magoti ya msusi, kilishtuka kabla hajakizuia, msusi akalegeza vidole, akasema pole, leo kichwa chako kimekuwa cha mtoto mchanga, kisha kitana kikapita, rasta ikavutwa kutoka begani, redio ya fundi viatu wa jirani ikaendelea na mpira wake... alasiri msusi atakwenda hoteli kubwa, atamsuka mgeni mbele ya meneja huku akiongea naye Kiingereza, akipita ana kazi, asipopita anarudi kwenye kibanda hiki na paa lake linalovuja, ndiyo maana tangu asubuhi anamhadithia mwalimu kwa Kiingereza harusi ya mdogo wake, na mwanzoni maneno yalikuwa yakimwagika, sasa yanatoka moja moja, kwa nini, au amechoka... akasema kwamba siku ile wakwe waliisikia njaa, akasema vile vile kwa Kiingereza, nao Waingereza njaa hawaisikii, wao wanakuwa tu wenye njaa, basi, wakati kwetu inakuja na kubisha hodi, na kwa kweli yetu ni tamu zaidi, mwalimu alitaka kucheka, lakini kichwa, kichwa tena, kikaruka.

“Mwalimu,” msusi akasema, mikono imesimama, “zinazokuuma ni nywele au ni Kiingereza changu?”

...alaa, kumbe, ukuta ule anaouchora ubaoni kila mwaka, hofu ikipanda lugha haipiti, wanafunzi wanaunakili, wanafaulu, na yeye hapa anaujenga kwa shingo yake mwenyewe, kama yule mwalimu wake wa Kifaransa aliyepandisha nyusi kwa kila kosa, hakusema neno, nyusi tu, na miaka baadaye, na cheti chake kizuri, ofisa wa uwanja wa ndege akamuuliza kwa Kifaransa begi lako liko wapi, naye akasimama kama nguzo, foleni nzima ikiguna, kwa sababu kila sentensi aliyoitunga aliiona na nyusi juu yake... na leo nyusi ni zake, amezihamishia kichwani.

“Kiingereza,” akasema. “Na kosa ni langu. Kaza mkono, tuendelee na harusi.”

Msusi akacheka mpaka magoti yakatikisika, akakaza, akaendelea, na yule bi harusi akawa mwanamume mara mbili mfululizo, akalia, akacheza, njaa ikasikika tena mpaka kwa majirani, na mwalimu, taratibu, kwa Kiingereza kile kile, akauliza naye bi harusi alisema nini, akamtaja kwa neno la mwanamke kama anayepita tu njiani, bila kumsahihisha, na maneno ya msusi yakaanza kumwagika, mengine yamepinda, mengine sawa, lakini yanamwagika... mstari wa nywele ulikuwa ule ule, haujafika hata kisogoni, redio ikapiga kelele za goli, kichwa kimetulia tuli, mstari unanyooka.